Ernst Ruska na Lenzi ya Sumaku

Ernst Ruska alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa Heidelberg, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa elimu, na katika chumba chake cha kusomea palikuwa na hadubini kubwa, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Pengine baba aliwaonyesha watoto mambo ya ajabu ndani yake, lakini aliwakataza kabisa kuigusa, wasije wakaiharibu.

Ernst alipokua alisoma uhandisi huko Berlin. Siku zile hadubini ya kioo ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Hata kioo kikisuguliwa vizuri namna gani, nuru yenyewe haiwezi kuonyesha waziwazi vitu vidogo kuliko sehemu moja ya elfu tano ya milimita. Kwa hiyo virusi viletavyo surua na homa ya manjano vilikuwa havijaonwa na mtu yeyote.

Basi Ruska na mkuu wake, Max Knoll, wakaiacha nuru, wakatumia elektroni, nazo ni chembe ndogo mno za umeme. Mwaka 1926 mtaalamu Hans Busch alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba sumaku yaweza kukusanya elektroni, kama kioo kikusanyavyo miali ya jua hata karatasi ikaungua. Wakazungusha waya mviringo na kupitisha umeme ndani yake, ukawa sumaku. Chombo chao cha kwanza, cha mwaka 1931, kilikuza vitu mara zisizofika 20.

Ruska hakukata tamaa. Alibuni lenzi iliyo bora: waya ulifunikwa kwa chuma, ukaachwa mwanya mwembamba tu, ili nguvu ya sumaku ikusanyike mahali pamoja. Mwaka 1933 akatengeneza hadubini iliyokuza mara 12,000, ikaishinda ile ya kioo.

Hata hivyo wengi hawakuamini. Walidhani kila kitu kitakachowekwa humo kitaungua kiwe majivu. Ruska akafanya kazi ya televisheni apate riziki, huku yeye na rafiki yake Bodo von Borries wakitafuta fedha karibu miaka mitatu. Ndugu yake mdogo Helmut, aliyesomea utabibu, aliwatia moyo, na mwalimu mmoja wa Helmut akathibitisha kwa maandishi kwamba chombo hiki kitawafaa wagonjwa. Mwaka 1937 kampuni ya Siemens ikakubali kuwasaidia. Mwaka 1939 Helmut na wenzake wakaonyesha picha za virusi viharibuvyo mimea ya tumbako.

Ernst alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, miaka 55 baada ya chombo cha kwanza. Helmut hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alifariki mwaka 1973. Ernst mwenyewe alifariki mwaka 1988.

Kama angaliiacha kazi kwa sababu mwanzo wake ulikuwa mdogo, waganga wangalikaa gizani siku nyingi zaidi. Nawe, mwanafunzi, usiidharau kazi yako kwa udogo wa mwanzo wake.