Amir Jamal: Mtunza hazina wa nchi maskini

Ndugu msomaji, mali ya umma ni amana, na amana hiyo huwa nzito zaidi pale hazina inapokuwa na upungufu. Aliyekabidhiwa fedha nyingi ataulizwa alizitumiaje. Aliyekabidhiwa chache ataulizwa pia alimnyima nani ili ampe nani. Ijumaa ya leo tunayaangalia maisha ya marehemu Amir Habib Jamal, aliyeubeba mzigo huo kwa muda mrefu kuliko Waziri mwingine yeyote wa Fedha katika serikali ya awamu ya kwanza.

Marehemu alizaliwa Mwanza mwezi Januari 1922, katika familia yenye asili ya Gujarati, India. Baada ya kusoma Mwanza na Dar es Salaam alikwenda Chuo Kikuu cha Calcutta, ambako alisomea biashara na uchumi. Wakati huo India ilikuwa katika kilele cha kudai uhuru, na mwaka 1942 chama cha Congress, kikiongozwa na Gandhi, kiliwataka Waingereza waondoke. Jamal alirejea nyumbani akiwa ameshuhudia jinsi nchi maskini inavyoweza kukataa kutawaliwa.

Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kila mpiga kura wa Tanganyika alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Jamal aliungwa mkono na TANU, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na baadaye akawa mbunge wa Morogoro kwa takriban robo karne. TANU ilipowafungulia milango raia wasio Waafrika mwaka 1963, alijiunga nayo.

Mwaka 1965 alikabidhiwa Wizara ya Fedha. Katika kipindi chake cha kwanza Benki Kuu ilifunguliwa, Juni 1966, na nchi ikapata shilingi yake yenyewe. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967 na mabenki yakataifishwa, wizara yake ilipaswa kuhakikisha kuwa biashara za kila siku hazisimami. Septemba mwaka huohuo, Tanzania, Zambia na China zilitiliana saini mjini Beijing mkataba wa kujenga reli ya TAZARA, ambayo mataifa ya Magharibi hayakuwa tayari kuigharamia.

Sifa yake ikavuka mipaka. Mwaka 1977 Willy Brandt, aliyewahi kuwa Kansela wa Ujerumani Magharibi, aliunda tume huru ya kuchunguza pengo kati ya nchi tajiri na nchi maskini. Jamal aliteuliwa kuwa mjumbe, akaketi pamoja na Edward Heath wa Uingereza, Olof Palme wa Sweden na Adam Malik wa Indonesia. Taarifa ya tume hiyo, iliyotoka mwaka 1980, ilitaka nchi maskini zipewe sauti kubwa zaidi katika vyombo vya fedha vya dunia na ilihimiza utajiri ugawanywe vizuri zaidi. Hoja yake ni kwamba umaskini wa Kusini hatimaye huidhuru Kaskazini pia.

Msomaji wa Lizaboni, pale Songea, anaweza kuuliza mijadala hiyo ya wakubwa inamhusu nini. Jibu limo ndani ya gunia lake la mahindi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, serikali ambayo Jamal alikuwa mmoja wa mawaziri wake ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na mbolea ikapewa ruzuku. Mkulima wa Ruvuma, aliyekuwa mbali na soko la Dar es Salaam, hakukatwa tena gharama ya usafiri, na mkoa ukawa miongoni mwa wazalishaji wakuu wa mahindi nchini. Lakini gharama ile haikutoweka. Ilibebwa na Shirika la Taifa la Usagishaji, ambalo madeni yake kwa benki yalizidi kukua, huku wakulima wakicheleweshewa malipo yao.

Kisha mambo yakazidi kuwa magumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin vikafuata mwaka 1978, na bei ya mafuta ikapanda. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani na matumizi yapunguzwe. Mwalimu Nyerere alikataa, Waziri Edwin Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979, na Jamal akarudishwa Hazina. Makubaliano na Shirika hilo yalifikiwa mwaka 1980, lakini yalikwama upesi. Dukani sabuni, sukari na nguo vikawa vya kutafutwa. Jamal aliiacha wizara hiyo mwaka 1983, na mapatano ya kudumu zaidi na Shirika yalifikiwa mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi.

Uadilifu wa mtu haumzuii kukosea. Bei ya serikali iliyomfaa mkulima wa Songea ndiyo iliyochangia kuzidisha mzigo wa Hazina, na nchi ilichelewa kukiri hilo. Hata hivyo, ruzuku ya mbolea ilipoondolewa na bei moja ikafutwa, mkulima wa mbali ndiye aliyeumia mapema. Kwa hiyo swali lililomkabili Jamal lingali hai: nani alipe gharama ya umbali na umaskini?

Miaka yake ya mwisho ya utumishi aliiwakilisha Tanzania mjini Geneva, akiendelea kuzisemea nchi za Kusini. Alifariki dunia Vancouver, Kanada, mwezi Machi 1995.

Ndugu msomaji, kila aliyeshika funguo za fedha za wengine, iwe ni Hazina ya taifa, ushirika wa kijiji au mfuko wa msikiti, ana somo hapa. Mikono safi ni sharti la kwanza, lakini haitoshi. Sharti la pili ni kuzisoma hesabu kwa ukweli na mapema, kabla mnyonge hajawa wa kwanza kuzilipa.