FRANK HORNBY: Karani wa kampuni ya nyama aliyewafundisha watoto kuunda magari

Leo tuachane kidogo na siasa, tuongelee magari. Siyo haya ya barabarani, hapana. Naongelea magari madogo ya mfano, yale ambayo mtu ananunua boksi la vipande, anakaa mezani anafunga bolti na nati mpaka lori linatokea. Wengine wananunua yaliyokwisha kutengenezwa na kuyapanga kabatini. Huko Uingereza wapo watu wazima kabisa wenye wajukuu wanaofanya hivyo, na baadhi ya vigari vya zamani vimeshauzwa mnadani kwa maelfu ya pauni.

Sasa jamaa aliyechangia sana kuwasha moto huo anaitwa Frank Hornby. Hakuwa injinia wala fundi wa gereji. Alikuwa mtunza hesabu.

Alizaliwa tarehe 15 Mei 1863 kwenye mji wa bandari wa Liverpool. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Shule aliacha akiwa na miaka 16, akaingia kazini kwa mzee wake kama mshika fedha. Alipokuwa mdogo alisoma kitabu cha Samuel Smiles kinachosimulia watu waliotoka chini wakafanikiwa kwa juhudi zao, kikamkaa kichwani. Akaanza kuhangaika na mashine ambayo ikianza kuzunguka haisimami milele. Ikagoma, maana mashine ya hivyo haiwezekani. Ila mkono wa kugusa vyuma ulishaanza hapo.

Mwaka 1887 alioa mwalimu, Clara Godefroy, wakapata watoto wa kiume wawili, Roland na Douglas, na binti mmoja. Mwaka 1899 mzee wake akafariki na biashara ikafungwa. Hornby akahamia kwa bwana mmoja muagizaji wa nyama aitwaye David Elliott, akawa anamwandikia hesabu. Fikiria mwenyewe: miaka 36, familia inakutegemea, unahesabu mapande ya nyama ya mtu mwingine.

Jioni akirudi nyumbani alikuwa anawatengenezea watoto wake vitu vya kuchezea: madaraja, malori na winchi za kunyanyulia mizigo. Alikata vipande kwa mkono kutoka kwenye bati. Tatizo likaja hapa. Kila kipande kilifaa kwa kitu kimoja tu. Ukitengeneza winchi leo, kesho ukitaka lori inabidi uanze kukata upya.

Ndipo likamjia wazo ambalo ukilisikia unaona rahisi mno. Vipande vyote vitobolewe matundu yanayolingana, na kutoka tundu moja hadi jingine iwe nusu inchi, siku zote, kila kipande. Hapo kipande chochote kinafungika na chochote kwa bolti na nati. Mkono wa winchi wa leo, kesho ni ubavu wa lori. Tundu lile lile linapitisha bolti na linapitisha ekseli ya gurudumu. Ukichoka na ulichojenga, unafungua na kuanza kitu kingine, hakuna kinachotupwa.

Wadau, siri yote iko hapo. Vyuma vyenye matundu vilikuwepo kabla yake. Yeye alichofanya ni kukubali kipimo kimoja na kutokikiuka. Kipande kilichonunuliwa mwaka huu kinafunga na cha miaka kumi nyuma, kwa hiyo boksi la mtoto linakua kila anapoongezewa.

Hela ya kulinda wazo hana. Akamwendea bosi wake Elliott, akamkopa pauni 5, na Januari 1901 akapata hataza, yaani hati ya serikali inayokataza watu kuiba uvumbuzi wako. Elliott akawa mbia wake na akampa nafasi pembeni ya ofisi afanyie kazi zake. Mwaka 1902 boksi la kwanza likaingia sokoni kwa bei ya shilingi 7 na peni 6 za Kiingereza. Lilikuwa na aina 16 za vipande na karatasi inayoonyesha vitu 12 vya kujenga.

Usidhani alitajirika siku hiyo hiyo. Bei ilikuwa kubwa kwa watu wa kawaida, maduka yakasitasita. Profesa wa uhandisi wa pale Liverpool, Hele-Shaw, aliutazama mchezo huo akaupa sifa kwa maandishi, jambo lililosaidia wenye maduka kuuamini. Hata hivyo faida ya kwanza, tena ndogo, ilionekana mwaka 1906. Hiyo ni miaka mitano tangu hataza! Muda wote huo alikuwa bado anaandika hesabu za nyama mchana.

Mwaka 1907 akaacha ajira, akaanza kutengeneza vipande mwenyewe, akasajili jina jipya: Meccano. Mei 1908 kampuni ikaundwa rasmi. Elliott akaamua kutoingia. Mtu aliyetoa zile pauni 5, aliyetoa na chumba, akabaki nje pale mambo yalipokuwa yanataka kunoga. Mimi nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Tunawasifia sana wenye mawazo, lakini bila bosi huyu wa nyama sijui kama leo tungekuwa tunamtaja Hornby.

Kuanzia hapo mambo yakapaa. Mwaka 1912 ikafunguliwa kampuni Ufaransa, mwaka 1914 kikakamilika kiwanda kikubwa mtaa wa Binns Road, Liverpool, na mwaka 1916 likaanza jarida lake. Mwaka 1920 yakaja matreni yenye jina la Hornby.

Kwa upande wa magari, moja ya modeli zilizopendwa sana ilikuwa chesesi tupu ya gari, isiyo na bodi. Ndani yake ilikuwa na klachi, giaboksi na difu, na vyote vinafanya kazi kweli. Kijana akishafunga difu kwa mikono yake, akazungusha, anaona kwa nini gurudumu la nje linakimbia kuliko la ndani gari likikata kona. Kuna mambo ukiyasoma kwenye kitabu cha fizikia hayaingii, ukiyashika yanaingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 yakatoka na maboksi maalumu ya kujenga magari tu, yenye bodi za kubadilisha.

Desemba 1933 kampuni ikatoa seti ya vigari sita vidogo vya kumiminwa kwenye kalibu: magari mawili, lori, gari la kusambazia bidhaa, trekta na kifaru. Vilikusudiwa kupamba njia za matreni yao. Mwaka uliofuata vikapewa jina la Dinky Toys, na watoto wakaanza kuvinunua kwa ajili yake vyenyewe. Skeli iliyozoeleka ni 1:43, maana yake gari la urefu wa mita 4.3 linakuwa sentimita 10. Mpaka leo wakusanyaji wa magari ya mfano wanaitumia skeli hiyo.

Kwa wakusanyaji kuna balaa moja. Vigari vingi vya kabla ya vita vilimiminwa kwa aloi ya zinki iliyochanganyika na uchafu. Vinapasuka nyufa vyenyewe na kumeguka, hata kama havijaguswa, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Ndiyo maana vilivyo vizima vina bei ya kutisha.

Mwaka 1934, Chuo Kikuu cha Manchester, Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter walijenga kwa vipande vya Meccano mashine ya kukokotoa hesabu ngumu. Iliwagharimu kama pauni 20, na ikafanya kazi. Vitu vya kuchezea watoto hivyo!

Hornby mwenyewe alikuwa tajiri mkubwa sasa. Mwaka 1931 alichaguliwa mbunge wa Everton kwa chama cha Conservative, akatoka 1935. Moyo na kisukari vikamsumbua, akafariki tarehe 21 Septemba 1936 akiwa na miaka 73. Mwanawe Roland, yule yule aliyechezea vipande vya kwanza vya bati, akashika uenyekiti.

Kiwanda cha Binns Road kilifungwa Novemba 1979, wafanyakazi wakarudi nyumbani. Majina yakagawana njia. Mwaka 2006 kampuni yenye jina la Hornby ikanunua Airfix, watengenezaji wa modeli za plastiki za kuunga kwa gundi, ndege na magari.

Nimeandika haya kwa sababu vijana wengi tuliomaliza shule tunaambiwa bila digrii na bila mtaji huna lako. Mtaji alikopa, tena mdogo. Digrii hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mshahara wa kumlisha wakati wazo linasuasua, na hati iliyosajiliwa kabla hajamuuzia mtu boksi hata moja. Wangapi kati yetu tungeanza na kusajili? Tupeni maoni hapo chini, na kama unaunda kitu, sema ni nini.