MAMA WA VERANDA YA MULAGO

Mwaka huu kila mwanachama wa Chama cha Kiswahili aliambiwa aandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Wenzangu walikimbilia marais na wanasoka. Mimi nimemchagua mama mmoja Mwingereza ambaye nadhani wengi wenu hamjapata kumsikia, na sababu yenyewe ilianzia kwenye noti.

Shangazi yangu huuza nguo za mitumba na mara nyingi huenda mpakani Busia. Jioni moja alikuwa akihesabu pesa mezani, nami nikaziona noti za Uganda. Kila noti niliyoishika ilikuwa na picha ndogo ya sanamu ya mtu aliyezungushiwa vitambaa mwilini, akimwinua mtoto juu. Nilimwuliza shangazi ni nani huyo. Hakujua, tena hakujali, kwake noti ni noti. Kesho yake nilimwuliza mwalimu wetu mmoja aliyesomea Makerere. Alicheka, akanieleza kwamba sanamu hiyo imesimama katikati ya jiji la Kampala, iliwekwa kwa ajili ya uhuru wa Uganda mwaka wa 1962, na fundi wake ni mtu wa huku kwetu, Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias. Jamani, Mumias! Kutoka hapa Shirere si unapanda matatu moja tu pale mjini Kakamega unafika? Nilibaki mdomo wazi. Ndipo mwalimu akaongeza kuwa nikitaka kujua Maloba alifikaje huko, nimtafute mama Trowell na veranda yake.

Neno veranda lilinigusa kwa sababu ya mambo yangu mwenyewe. Mnajua kuwa shuleni kwetu hakuna somo la sanaa. Tulipofika kidato cha tatu tukapewa karatasi ya kuchagua masomo, niliitazama mara mbili, tatu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Wapi! Basi mimi na wenzangu wanne tukaanza kukutana kila Jumamosi kwenye veranda ya nyanya yangu hapa Shirere. Tunachora kwa makaa na kalamu za rangi kwenye katoni tunazookota madukani. Tukimaliza tunafunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo na kuzibana picha kwa vibanio vya nguo. Anayepita njiani huingia akatazama. Kitu kingine hatuna. Kwa hiyo niliposikia kwamba shule kubwa ya sanaa ya Makerere ilianzia kwenye veranda ya nyumba ya mtu, nilitaka kujua kila kitu.

Bi. Margaret Trowell alizaliwa mwaka wa 1904. Alisomea uchoraji London katika shule ya sanaa ya Slade, ambayo ilikuwa na jina kubwa sana, halafu akasomea ualimu. Huko ualimuni aliangukia mikononi mwa Marion Richardson, mwalimu aliyekuwa na mtindo wake wa pekee. Huyu hakupenda kuweka tunda au chungu mezani ili watoto wakinakili. Aliwasimulia jambo, wakafumba macho, wakaliona akilini, ndipo wakashika brashi. Kumbukeni mtindo huu, maana mazuri yote ya Bi. Trowell yalitoka hapo, na makosa yake pia.

Mwaka wa 1929 alifika Kenya pamoja na mume wake, Daktari Hugh Trowell, wakaishi Machakos. Ukambani, kama tujuavyo, ni nchi ya wachongaji na wasusi wa vyondo. Mama huyu aliyetoka Slade alianza kuvitazama vitu hivyo vya kila siku kwa makini, jinsi vilivyotengenezwa na kwa nini vikawa na umbo vilivyo nalo. Mwaka wa 1935 mume wake alihamia Uganda, wakaenda kukaa Kampala, kwenye kilima cha Mulago ambako kuna hospitali kubwa. (Wenzangu wa Baiolojia, huyo daktari ndiye mmoja wa waliochunguza sana ugonjwa wa kwashakoo. Baada ya kustaafu akawa kasisi. Nyumba hiyo haikuwa na mtu mvivu!)

Mke wa daktari siku zile hakutazamiwa kufanya kazi kubwa. Lakini mwaka wa 1937 Bi. Trowell alianza kuwafundisha vijana kuchora na kufinyanga kwenye veranda ya nyumba yake. Wengi walikuwa wanafunzi wa Makerere ambao walikuja baada ya masomo yao ya kawaida. Hawakulipa chochote, naye hakulipwa. Mwaka huohuo wa 1937 alitoa kitabu cha kuwasaidia walimu wa Afrika kufundisha sanaa na kazi za mikono shuleni. Lazima tukumbuke kwamba wakati huo wakubwa wengi waliotawala hapa waliona kuwa Mwafrika aliyesoma anahitaji kuwa karani, mwalimu au dresa. Mchoraji wa nini?

Jambo ninalolisifu zaidi ni kwamba hakukaa na picha za vijana wake nyumbani. Ilipofika mwaka wa 1938, yaani mwaka mmoja tu baadaye, alifanya maonyesho pale Namirembe, Kampala, watu wakaja kutazama. Mwaka wa 1939 kazi zao zikavuka bahari na kuonyeshwa London katika Imperial Institute. Hebu fikirini! Kijana aliyekuwa akichora kwenye veranda, baada ya miaka miwili picha yake inatazamwa London. Mimi picha yangu ikitoka Shirere ikafika Lurambi nitafanya sherehe. Nadhani maonyesho hayo ndiyo yaliyowafanya wakubwa wa Makerere wafungue macho, kwa sababu baadaye darasa lilikubaliwa chuoni, likawa shule kamili ya sanaa na yeye akawa kiongozi wake. Katika miaka ile ya 1940 alisimamia pia Makumbusho ya Uganda, akitunza ngoma, vyungu, nguo za magome ya miti na vitu vingine vya kale. Kutokana na kazi hiyo aliandika kitabu juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda pamoja na Klaus Wachsmann, kikatoka mwaka wa 1953.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa Mumias. Gregory Maloba alizaliwa mwaka wa 1922, na alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa Bi. Trowell. Alikuwa kijana mdogo, kama sisi hivi, na mikono yake ilipenda udongo na mbao kuliko rangi. Ndugu yangu mdogo hufinyanga mafahali wa udongo wanaopigana, kama wale wa Khayega na Shinyalu, na kila nikimwona akiwa na matope hadi viwikoni namfikiria Maloba. Huyo Maloba alipokuwa bado kijana alichonga sanamu ya mbao aliyoiita Kifo, na hadi leo watu wanaoandika juu ya sanaa ya Afrika Mashariki huitaja. Baadaye alikwenda Uingereza kusoma zaidi, akarudi Makerere akawa mwalimu. Hapo ndipo ninapomvulia mama huyu kofia. Hakutaka kubaki mwalimu peke yake na wengine wawe wanafunzi milele. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame kule Kilimanjaro mwaka wa 1923, naye alipitia mikononi mwake, akaenda Slade, shule ileile ya Bi. Trowell, akarudi akafundisha Makerere. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, Ntiro ndiye aliyetumwa London kuwa balozi wake. Mchoraji kuwa balozi! Wazazi wanaosema ati kuchora ni mchezo wa watoto naomba wasome sentensi hiyo mara mbili.

Sitaki mdhani kuwa mama huyu hakuwa na kasoro. Alikuwa nazo, na moja inaniuma. Kwa kuwa aliamini kwamba sanaa hutoka ndani ya mtu na ndani ya kijiji chake, aliogopa kwamba mwanafunzi wa Kiafrika akionyeshwa sana picha za Ulaya ataharibika, ataanza kuiga. Kwa hiyo aliwasimulia hadithi, za vijijini na za Biblia, wakafumba macho na kuchora. Ni vizuri, lakini nani alimpa ruhusa ya kuchagua kijana aone nini na asione nini? Yeye mwenyewe alisoma Slade, akaona picha zote alizotaka. Alipostaafu mwaka wa 1958, aliyechukua nafasi yake, Profesa Cecil Todd, aligeuza mambo. Alitaka wanafunzi wajifunze historia ya sanaa ya dunia nzima na ufundi wa rangi kama wanafunzi wa mahali pengine popote. Watu bado wanabishana ni nani kati yao aliyekuwa na haki. Mwalimu wangu yuko upande wa Todd. Mimi nilikuwa upande wa mama Trowell mpaka juzijuzi, nami nitawaeleza kwa nini nilihama.

Bi. Trowell alirudi Uingereza, akafariki mwaka wa 1985. Shule ya sanaa ya Makerere ilipewa jina lake. Lakini kazi yake haikuishia kwenye jina. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alisoma kwake katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1965 yeye na wenzake walifungua Paa ya Paa mjini Nairobi, mahali pa wasanii kuonyesha kazi zao, kukutana na hata kukaa wakifanya kazi. Wana-Kiswahili, jina hilo ni mtihani wa vitawe! Paa ni mnyama, kupaa ni kwenda juu, na nyumba nayo ina paa. Moto uliunguza mahali hapo mwaka wa 1997 na kazi nyingi zikateketea, lakini wenyewe hawakufunga.

Mwingine ni Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ile ya Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alipomaliza alirudi Kenya, akawa mwalimu wa kawaida kwa miaka mingi sana. Alipokwisha kustaafu, katika miaka ya 1980, ndipo alipoanza tena sanaa kwa nguvu. Hakuwa na pesa za rangi, basi alikata vipande vya pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akavibandika vikawa picha za ng'ombe, kuku na akina mama shambani. Mwaka wa 1987 alikuwa msanii mgeni pale Paa ya Paa, yaani alipewa nafasi ya kufanyia kazi yake hapo, na picha zake zikaja kuonyeshwa hata ng'ambo. Alifariki mwaka wa 2021. Mimi nahesabu hivi: veranda ilimlea Njau na Karuga, na Njau akafungua nyumba ambayo ilimpokea Karuga alipokuwa bibi mzee mwenye pakiti za unga. Miaka hamsini toka ile ya 1937!

Sasa kuhusu kuhama kwangu. Katika kikundi chetu cha Jumamosi kuna mwenzetu mmoja, sitamtaja, ambaye hachori kitu kingine ila matatu. Anazinakili na michoro yake yote, wanasoka wa Ulaya ubavuni, wanamuziki wa Marekani nyuma, na maandishi ya Kiingereza yanayowaka kama moto. Mimi, kwa kuwa veranda ni ya nyanya yangu, nilijifanya mkubwa. Nilimwambia mbele ya wenzake kuwa hiyo si sanaa, ni kuiga, na kwamba kambani petu tutabana picha za kwetu tu, msitu wa Kakamega, mafahali, akina mama wa sokoni. Nikaitoa picha yake na kuiweka chini ya kiti. Hakubishana. Alichukua makaa yake akaenda zake, na Jumamosi tatu hakuonekana.

Kumbe nilikuwa nimefanya kosa lilelile la mama Trowell bila hata kufika Slade! Tena langu lilikuwa baya zaidi, kwa sababu mama yule hakumfukuza mtu verandani kwake. Na ukweli ni kwamba yule mwenzetu ndiye mwenye mkono mzuri kuliko sisi sote. Gurudumu lake linazunguka kabisa, langu ni kama chapati iliyoungua.

Nilipomaliza kuyasoma mambo haya niliogopa kwenda kwao, lakini nilikwenda. Nilimkuta akiosha baiskeli ya baba yake. Nilimwomba msamaha, nikamsimulia habari za veranda ya Mulago na za mtu wa Mumias aliye kwenye noti. Alisikiliza, akauliza kama kweli Maloba alikuwa mtu wa Mumias, nikaapa. Jumamosi iliyofuata alikuja na katoni kubwa ya televisheni aliyoomba dukani, na matatu ya rangi nne juu yake. Tuliibana katikati ya kamba. Nyanya alitoka na chai, akaitazama muda mrefu, halafu akauliza inakwenda Mumias shilingi ngapi.