Kisabengo wa Simbamwene

Akaaye Kwa Mathias, au penginepo katika nchi ya Kibaha, huyaona magari yakipita mchana na usiku katika barabara iendayo Morogoro. Barabara hiyo hupita Mlandizi, huvuka mto Ruvu, kisha huelekea magharibi mpaka milima ya Uluguru ionekane. Gari huimaliza safari hiyo kwa saa chache. Lakini katika karne ya 19 watu walikwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo, na mizigo vichwani. Mwaka 1871 Henry Stanley, msafiri aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipita njia hiyo wakati wa masika. Alizipima maili 119 tangu Bagamoyo mpaka chini ya milima, akatumia siku 29 kuzimaliza, kwa sababu ya matope na mito iliyojaa.

Mwisho wa maili hizo palikuwa na mji wenye ukuta wa mawe, jina lake Simbamwene. Mji ule haukujengwa na Sultani wa Unguja wala na Waarabu. Ulijengwa na mtu mmoja aliyetoka katika nyumba ya watu wa kawaida, akafika katika nchi isiyo yake pamoja na watu wasiokuwa na kwao. Jina lake Kisabengo. Habari za maisha yake ndizo tutakazosoma sasa.

Kisabengo alikuwa Mzigua. Nchi ya Uzigua iko kaskazini ya Bagamoyo, kati ya mto Wami na mto Pangani, na bandari yake katika siku zile ilikuwa Saadani. Wakati wake ulikuwa wakati mgumu. Seyyid Said alikuwa ameifanya Unguja kuwa makao yake, na mashamba ya karafuu yalikuwa yakiongezeka kule kisiwani. Mashamba yalitaka mikono ya kulima na kuchuma, na mikono ile ilipatikana kwa kununua watumwa. Tena katika miaka ya 1830 njaa kali iliingia Uzigua. Watu wengi walijitoa wenyewe au waliuzwa ili wapate kula. Baadhi yao walipakiwa majahazini wakapelekwa mpaka pwani ya Banadiri, na wajukuu zao wako hata leo kando ya mto Juba katika nchi ya Somalia, na lugha yao ni Kizigua.

Basi, popote palipo utumwa hapakosi watoro. Mtumwa aliyeweza kuponyoka alikimbilia msituni. Lakini mtoro aliye peke yake ni kama kuku aliyepotea njia. Wa kwanza kumwona ndiye atakayemkamata. Hana jamaa wa kumtetea, hana shamba, wala hana mzee wa kumsemea barazani. Yule aliyemkimbia aweza kumpata, na akikosa kupatwa na huyo, aweza kupatwa na mwingine na kuuzwa mara ya pili. Kwa hiyo watoro walijikusanya pamoja, wakatafuta mtu wa kuwaongoza.

Mtu waliyemchagua ni Kisabengo. Hawakumchagua kwa sababu ya ukoo, maana ukoo wake haukuwa wa kitawala. Walimchagua kwa kuwa alikuwa na nguvu za mwili, alikuwa hodari wa kusema mbele ya watu, tena alikuwa mcheshi, aliyejua kuwachangamsha hata katika shida. Mtu aliyepoteza jina lake na nyumba yake alipomsikia, alijiona kuwa mtu tena. Hivyo idadi yao ikazidi, nao wakawa jeshi.

Jambo hilo halikumpendeza Sultani. Watoro walipopata mkuu na silaha, wenye mashamba na wafanya biashara wa pwani waliingiwa na hofu. Kisabengo akatafutwa ili ahukumiwe. Alipoona kwamba pwani hapakaliki, aliwachukua watu wake akaenda nao bara mpaka Ukami. Katika siku zile Ukami ilikuwa nchi kubwa, ikianza mpakani mwa Ukwere mpaka Usagara. Richard Burton na John Speke walipopita sehemu zile mwaka 1857, wakienda kutafuta maziwa makuu, jina la Kisabengo lilikuwa limekwisha kuenea, na watu walilitaja kwa kuliogopa.

Walikuwa na sababu ya kuogopa. Kisabengo hakupewa nchi ile kwa urafiki. Alipigana na Wakami vita baada ya vita, mpaka wakashindwa na kumwachia bonde kubwa lenye rutuba la mto Ngerengere. Vijiji vilivyokuwa njiani mwake vilichomwa, na watu wake waliotekwa waliuzwa. Hapa ndipo penye uchungu katika habari hii. Wale waliofunga safari ili kuukimbia mnyororo, waliuchukua mnyororo ule ule wakawafunga wengine. Mtoro wa jana akawa mteka watu wa leo. Mama wa Kikami aliyemlilia mwanawe hakuweza kufarijika kwa kuambiwa kwamba yule aliyemchukua aliwahi kuwa mtumwa.

Alipokwisha kuishika nchi, Kisabengo alichagua mahali pa kujenga. Alichagua vizuri. Nyuma yake ilikuwa milima ya Uluguru, yenye vijito visivyokauka. Mbele yake lilikuwa bonde lenye udongo mweusi, na kando ya mji ulipita mto. Tena njia ya misafara iendayo Ugogo, Unyanyembe na Ujiji ilipita mlangoni pake. Msafara wa watu mia mbili au tatu hauwezi kwenda bila chakula. Kwa hiyo mwenye mahindi na mtama kando ya njia ana utajiri, na mwenye ngome kando ya njia aweza kudai hongo. Kisabengo alipata vyote viwili.

Mji aliuita Simbamwene, maana yake ni simba aliye mtawala. Aliuzungushia ukuta wa mawe uliofunika eneo la karibu nusu maili ya mraba. Katika kila pembe alijenga mnara wa walinzi. Milango ilikuwa minne, mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja kaskazini na mmoja kusini, nayo ilifungwa kwa mbao nene ngumu zilizotiwa nakshi kama milango ya Unguja. Mtu aliyekimbizwa na watu wa pwani alijenga bara mji uliofanana na miji ya pwani. Ndani ya ukuta nyumba zilikuwa kama 1,000, na watu walikisiwa kuwa kati ya 3,000 na 5,000.

Kazi aliyojisifia kuliko zote ilikuwa mfereji. Aliamuru watu wachimbe mfereji wenye kina, ili tawi la mto lipite karibu na mji. Kwa mfereji ule wanawake hawakuwa na haja ya kwenda mbali kuteka maji, na wakati wa vita adui hakuweza kuwaua watu kwa kiu.

Kisabengo alipokuwa mzee, hakupenda tena kuitwa kwa jina lake la zamani, maana jina lile lilikuwa na kelele za vita ndani yake. Akajiita Simbamwene, kwa jina la mji wake. Hata saa ya kufa ilipokaribia, aliagiza kwamba binti yake mkubwa ndiye atakayetawala baada yake, akampa binti yule jina lile lile. Hivyo jina moja lilikuwa la mji, la baba na la binti. Mwaka 1870 Padre Horner wa misheni ya Bagamoyo alipofika huko, na mwaka 1871 Stanley alipofika, aliyekuwa akitawala ni mwanamke huyo, Simbamwene binti Kisabengo. Wajumbe wake walikwenda kudai hongo kwa wasafiri kama desturi ya baba yake.

Mwaka uliofuata masika yalikuwa mazito mno. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikavunja mashua bandarini na kung'oa mikarafuu. Huku bara nako mvua zilinyesha kwa wingi usio wa kawaida, na maji yakashuka kwa nguvu kutoka milimani. Mto ulifurika. Maji yalipotafuta njia, yaliukuta mfereji wa Kisabengo umekwisha kuchimbwa tayari kuelekea mjini. Yakaufuata. Ukuta wote wa upande wa mbele ukaanguka pamoja na nyumba karibu 50. Stanley aliporudi mwishoni mwa mwezi ule, aliukuta mji umebomoka, na mtawala wake amekimbia. Mto nao ulikuwa umejifanyia njia mpya mbali kidogo na mahali pa kwanza. Ukuta ambao maadui hawakuweza kuuvunja ulivunjwa na maji yaliyoletwa na mwenye mji mwenyewe.

Lakini ukoo wa Kisabengo haukuisha kwa gharika ile. Mjukuu wake, Kingo, alishika utawala katika nchi ile. Wakati wake, mwaka 1882, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni chini ya milima ya Uluguru. Baadaye Wadachi waliitawala nchi, na mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ikafika. Mji uliozidi kukua uliitwa Morogoro, na jina la Simbamwene likabaki katika vinywa vya wazee na katika vitabu vya wasafiri.

Sasa tumpime mtu huyu. Wengine hutaka kumsifu tu, kwa sababu aliwakusanya watu waliodharauliwa, wa makabila mbalimbali, akawapa mashamba, ukuta na jina. Wengine hutaka kumlaumu tu, kwa sababu aliteka watu na kuwauza. Kila mmoja wao ameshika nusu ya habari. Nchi yetu ina koo nyingi ambazo babu yao alikuja kutoka mbali, akakata msitu na kuanzisha mji. Mjukuu akitaka kujua asili yake, na aulize mambo mawili: babu yangu alijenga nini, tena ni nani waliokuwapo kabla yake, nao walipatwa na nini? Mto Ngerengere hutiririka mpaka kuingia Ruvu, na maji ya Ruvu huvutwa karibu na Mlandizi yakaletwa Kibaha katika mabomba yetu. Mkami na Mzigua, mtoro na mwenye mji, wote waliyanywa maji hayo, na watoto wao huketi leo katika darasa moja.

Maswali

1. Kwa nini mtoro aliye peke yake alikuwa katika hatari?
2. Watoro walimchagua Kisabengo kwa sababu zipi?
3. Taja faida tatu za mahali alipojenga mji wake.
4. Mfereji ulikuwa na faida gani, nao ulileta hasara gani?
5. Waulize wazee wa nyumbani kwenu: ukoo wenu ulitoka wapi, na ni nani waliokuwa wakikaa hapo kabla yenu? Andika majibu yao.