Ewart Grogan: Mwingereza aliyepita Kivu kwa miguu, na ukoo alikotoka

Wakaaji wa Goma wanaijua vizuri njia ya mawe ya volkano inayotoka ziwa Kivu kwenda Rutshuru. Mwaka wa 1899, muji wenyewe haujakuwako, kijana Mwingereza alipita pande hizi kwa miguu. Jina lake Ewart Scott Grogan.

Huyu hakutoka kwa watu wadogo. Alizaliwa London mwaka wa 1874, mtoto wa 14 kati ya 21. Baba yake, William Grogan, alikuwa mpimaji mkuu wa mashamba ya Duchy of Lancaster, mali ya ufalme wa Uingereza. Lakini jina Grogan lenyewe asili yake ni Ireland.

Ewart aliacha masomo Cambridge bila diploma, akaenda vitani kusini mwa Afrika mwaka wa 1896, upande wa Cecil Rhodes. Halafu akampenda Gertrude Watt, binti wa New Zealand. Baba wa kambo wa binti aliona kijana si kitu. Basi Grogan akasema atavuka Afrika hadi Cairo. Alitoka Beira mwaka wa 1898 na mwenzake Arthur Sharp, aliyerudia njiani. Alifika Cairo mwaka wa 1900, akaoa mwaka uleule.

Mwaka wa 1904 akahamia Kenya, akatajirika kwa mbao, mashamba na majumba. Ikumbukwe kwamba mwaka wa 1907 aliwapiga viboko Wakikuyu 3, wavuta riksho, mbele ya tribinali ya Nairobi, watu wakiangalia. Alifungwa mwezi 1 tu. Mwaka wa 1947 alianzisha hospitali ya watoto kumkumbuka Gertrude. Alikufa Cape Town mwaka wa 1967. Barabara ya Grogan huko Nairobi sasa inaitwa Kirinyaga, lakini mafundi wa magari bado wanasema Grogan.

Ukoo wake unafuatika kirahisi, kwa sababu uliandikwa kwenye madaftari. Lakini mizigo yake ilibebwa na Waafrika, kati yao Watonga wa ziwa Nyasa. Hao wana ukoo vilevile. Wengi wao majina hayakuandikwa popote. Ya babu zetu waliobebeshwa mizigo ya wazungu, kama yako, yako midomoni mwa wazee. Inafaa kuyauliza na kuyaandika wakati wazee wangaliko.