Theodore Maiman na Mwali wa Yakuti

Theodore Maiman alizaliwa tarehe 11 Julai 1927 mjini Los Angeles, Marekani. Baba yake alikuwa mhandisi wa umeme, naye Theodore angali kijana alijipatia fedha kwa kutengeneza redio na vyombo vya umeme vilivyoharibika. Mwaka 1955 alipata shahada ya udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Stanford.

Miaka hiyo wataalamu wengi walishindana kuunda leza, yaani chombo kitoacho mwali mwembamba wa nuru ya rangi moja. Maiman alichagua yakuti nyekundu iliyotengenezwa na binadamu. Wengine waliidharau, kwani vipimo vilivyoaminiwa vilionyesha kuwa yakuti hupoteza karibu nguvu yote inayopewa. Maiman alipima upya kwa mikono yake, akagundua kwamba vipimo vile havikuwa sahihi.

Wenzake walitaka leza iwakayo mfululizo. Yeye aliona kuwa nuru ya mapigo mafupi yatosha. Alichukua taa ya wapiga picha, ile imwekayo ghafula, iliyopindwa kama hesi, akatia katikati yake kipande cha yakuti chenye urefu wa sentimita 2 hivi. Ncha zake zilipakwa madini ya fedha zikawa vioo. Nuru iliyokwenda mshazari ilitokea ubavuni ikapotea. Iliyokwenda sawasawa ilirudishwa huku na huku ikiongezeka nguvu, kisha ikatoka katika tundu dogo la kioo kimoja. Tarehe 16 Mei 1960, katika maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, leza ya kwanza duniani ilifanya kazi.

Hata hivyo, mwali wake haukuwa mzuri. Fuwele ikiwa na mawaa ndani, nuru hupindishwa njiani, na mwali hutawanyika mfano wa nuru ya tochi. Maiman alipopata yakuti safi zaidi, mwali ulinyooka ukatoa doa dogo linalong'aa.

Jarida moja la fizikia lilikataa makala yake. Jarida la Nature la Uingereza liliichapisha Agosti 1960. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1964 ilitolewa kwa wataalamu wengine watatu waliochunguza kanuni za leza, wala yeye hakuipata kamwe. Lakini mwezi Agosti 1969 wanasayansi wa California walielekeza mapigo ya leza ya yakuti kwenye vioo vilivyoachwa Mwezini na wanaanga, nayo nuru ikarudi baada ya sekunde 2 na nusu hivi.

Maiman alifariki tarehe 5 Mei 2007 mjini Vancouver, Kanada, akiwa na umri wa miaka 79.