MONSEIGNEUR DE HEMPTINNE NA MASOMO YA MAKAMBI

Katika somo la historia siye wa kilasi ya sita tulibishana sana: nani alipanga masomo ya Katanga? Serikali, misioni, ao kampuni? Basi tumetafuta maisha ya mutu mumoja aliyesimama katikati ya hizo tatu. Hakuwa Muprotestanti, tena hakutupenda. Lakini bila yeye habari hii haielezeki.

Jean-Félix de Hemptinne alizaliwa Gand, katika inchi ya Ubelgiji, mwaka 1876. Jamaa yake walikuwa matajiri wa viwanda vya pamba. Mambo ya mashini na wafanyakazi hayakuwa mageni kwake. Akaacha mali, akawa mumonaki Mubenedikto. Mwaka 1910 alitumwa Katanga pamoja na wenzake wa abasia ya Saint-André, yeye akiwa mukubwa wa misioni. Union Minière ilikuwa na miaka mine tu, na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, ulikuwa muji wa jana. Uaskofu aliupata mwaka 1932. Alikuwa na ndevu kubwa, na watu wa muji walisema ni mutoto wa Mufalme Leopold wa Pili, juu ya kufanana naye. Hayo ni maneno ya barabarani, siye hatuyashiki.

Tufike kwa masomo. Kwanza kampuni iliandika wanaume kwa miezi michache, bibi wakabaki mukini. Wengi walikufa, wengi walikimbia, na kila mara ilipaswa kutafuta wengine mbali. Karibu na mwaka 1927 ikageuza mawazo: mufanyakazi aje na bibi yake, apewe nyumba na posho, azae kambini. Wengi wa Kasai na Lomami walipita hapa kwetu Kamina kwa reli ya B.C.K., iliyokwisha kujengwa mwaka 1928. Sasa mutoto wa kambi ndiye mufanyakazi wa kesho, na nani amufundishe? Kampuni iliwapa Wabenedikto wa Monseigneur kazi hiyo, yenyewe ikatoa feza. Wavulana walifundishwa kusoma, hesabu na kazi ya mikono; wasichana kushona na kutunza nyumba, mbele ya mamasere. Muluba, Mubemba na Munyarwanda waliketi benchi moja wakisoma kwa Kiswahili, na faida hiyo hatuwezi kuikana, kwani ndicho tunachoandika hapa. Lakini Kifaransa kilikuwa kidogo, na kilasi zilikwisha upesi. Walitaka fundi na karani, injinia hapana.

Tena Monseigneur aliandika kupinga serikali ilipotaka kutia nguvu mamlaka ya machifu. Kwake, misioni ndiyo ilipaswa kulea watu.

Na serikali yenyewe? Kwa mapatano ya tangu mwaka 1925 ilianza kusaidia kwa feza masomo ya misioni za taifa, maana yake za Wabelgiji, na hizo karibu zote zilikuwa za Kikatolika. Waprotestanti hawakupata hata falanga moja. Springer wa Wametodisti alikuwa Katanga, na Burton alikuwa Mwanza tangu 1915, lakini walimu wao waliishi kwa sadaka. Kijana aliyetaka cheti chenye kukubaliwa na serikali alipaswa kwenda kwa bamupe. Ni katika mwaka 1946 tu ndipo waziri alikata shauri la kutusaidia siye pia, na feza zikaanza kufika 1948.

Mwaka 1954 Waziri Buisseret akaleta masomo ya serikali yasiyo ya dini, na maaskofu wakakasirika sana. Mwaka 1956 Université Officielle ikafunguliwa katika muji uleule wa Monseigneur. Alikufa huko Elisabethville katika mwezi wa pili 1958, akiwa na miaka 81.

Union Minière ilitwaliwa na serikali mwaka 1967, na masomo ya makanisa mwaka 1974. Mwaka 1977 masomo yakarudishwa kwa Wakatolika, Waprotestanti na Wakimbangu, kila moja kwa mapatano yake na serikali.